Kamba ya Mbuzi

Mimi ni mzaliwa wa Kanja, na mtu wa Kanja hadanganywi na chuma. Kwetu mvua hunyesha mpaka mtu anasahau vumbi lina rangi gani, na kifaa kibovu hushikwa na kutu kabla mkono haujakizoea. Baba alinifundisha kununua jembe nikiwa bado navaa sare ya shule ya msingi. Unalining'iniza kwa kidole, unaligonga na jiwe, unatulia na kusikiliza. Likilia kwa muda mrefu, unalipa. Likitoa sauti fupi na kunyamaza, unamrudishia mwenyewe, hata akikuapia kwa Mungu wa mbinguni. Nilikua nikiamini kwamba hakuna mwenye duka katika Embu nzima anayeweza kuniuzia takataka.

Kisha nikaolewa Kiritiri.

Kaunti ni ile ile moja ya Embu, na unaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, lakini mbingu ni mbili tofauti. Huku chini mvua ni mgeni asiyekubali hata kikombe cha chai. Mimi nikaja na akili zangu za Kanja. Vitu nilivyonunua vya kuanzia maisha vilikuwa vya plastiki vyote: ndoo, mabeseni, mtungi, hadi kamba ya kuanikia nguo, maana plastiki haipati kutu na mimi adui niliyemjua ni kutu. Haukupita mwaka wa pili, ndoo ikapasuka kutoka juu hadi chini nikiwa nimeibeba imejaa. Wiki hiyo hiyo kamba ya nguo ikakatika na shuka zangu zikaanguka katikati ya mbuzi.

Mama mkwe aliokota kipande cha ile ndoo, akakikunja kwa vidole viwili, kikavunjika kama chapati iliyokauka. Akaniambia kwamba jua la huku linakula plastiki, tena linaanza na ile yenye rangi nzuri. Halafu akasema, bila kucheka, kwamba vitu hivyo nilikuwa nimemnunulia mama yangu wa Kanja, wala si yeye wa huku. Nilinuna siku tatu nzima. Alikuwa amesema kweli, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

Nayasema haya ili ijulikane kwamba mimi na yeye hatukuanza vizuri. Mimi ni mwalimu, nimezoea kusahihisha, sijazoea kusahihishwa. Yeye ni mama wa Kimbeere ambaye hajawahi kukaa darasani, amefuga mbuzi, amelima pojo na mtama, amesuka kamba za mkonge tangu utotoni, na akinena jambo hanyanyui hata macho. Aliniita "mwalimu" tangu siku ya kwanza, na mpaka leo sijajua kama ni heshima au ni utani.

Basi mwaka huo mume wangu akaamua tuchimbe kisima. Tulikuwa tukiteka maji kwenye mchanga wa mto uliokauka, unafukua kwa bakuli na kungoja yajikusanye, na mama mkwe magoti yake yalikuwa yamekataa kazi hiyo. Mume wangu, ambaye hupakia mchanga kwenye malori, akamleta fundi wa visima, mwanamume mwembamba, mpole, mwenye vidole vifupi vigumu. Fundi alizunguka shamba letu siku mbili akitazama chini, akachagua mahali karibu na mto, akachora duara kwa kisigino na kuanza.

Kabla hajapiga sururu ya kwanza alitupa masharti yake. Koleo na sururu ni zake. Ndoo na kamba ni za mwenye boma, na yule atakayenunua kamba ndiye atakayeshuka nayo kwanza mpaka chini, kabla ya yeye fundi kuigusa. Alieleza kwa upole kabisa. Zamani, alisema, watu walikuwa wanamletea kamba za bei ya kutupa, kwa sababu shingo itakayoning'inia si yao. Tangu aweke sheria hiyo, watu wanaisoma kamba kama wanavyosoma Zaburi msibani.

Udongo wa juu ulikuwa mgumu na mwekundu, na fundi alikuwa akitoboa vishimo vya miguu ukutani, anapanda na kushuka kwavyo. Ndoo ya udongo aliivuta kijana wake kwa kikamba kizee alichokuja nacho. Wiki ya tatu wakafikia changarawe. Vishimo vikaanza kubomoka mguu ukigusa. Fundi akapanda juu kwa taabu, akajifuta uso, akasema sasa inatakiwa kamba ya kubeba mtu.

Mume wangu alifungua mdomo. Nikamwahi. Nikasema niachiwe mimi, shule zimefungwa, mimi ni wa Kanja na vifaa navijua. Fundi akanitazama, akatabasamu kidogo, akasema vyema, basi atashuka mwalimu. Mdomo uliponza kichwa! Ningeweza kurudisha maneno yangu, hakuna aliyekuwa amenishikia panga. Lakini mama mkwe alikuwa ameketi pale akichambua pojo, na mimi mbele yake singerudi nyuma hata kwa dawa.

Nikaenda Embu mjini. Safari hiyo sikutazama bei. Niliingia duka kubwa la vifaa vya ujenzi, lile ambalo hata mafundi wa serikali hununua, nikanunua kamba nene ya buluu iliyokuwa imening'inizwa mlangoni, nzuri, inang'aa, imefungwa na karatasi yenye picha ya tembo. Muuzaji alinihakikishia kwamba inavuta lori. Nilipotoka nayo begani nilijisikia mtu mwenye akili timamu aliyejinunulia uhai wake.

Halafu, kwa kuwa nilikuwa na muda, nikapitia lile duka la bei moja.

Lazima niungame kwamba duka hilo huniduwaza. Kila kitu humo ndani ni bei moja, na bei yenyewe ni ya kuchekesha. Kufuli, koleo za umeme, tochi za kuvaa kichwani, bisibisi yenye vichwa kumi na viwili, glavu, nyavu, chujio, gundi ya kuunganisha chochote na chochote. Vitu vimesafiri bahari na bahari kuja kulala kwenye rafu Embu vinasubiri mimi nivibonyezebonyeze. Husimama humo na kushangaa kama mtoto, nikijua kwamba nusu yake ni uongo mtupu na nusu nyingine ni baraka, na sijui ipi ni ipi. Siku hiyo nilichukua jozi ya glavu, ndoo mbili, futi ya kupimia, na kutoka kwenye boksi lililosukumwa nyuma kabisa, chini ya rafu, vipande viwili virefu vya kamba nyeupe. Vilikuwa mabaki ya mwisho wa marobota, ndiyo maana viliuzwa rahisi. Nilivitaka vya kufungia mbuzi.

Nilipofika nyumbani mama mkwe alitandaza gunia uani na kuniambia niweke kila kitu juu yake. Nikaona hii sasa ni dharau. Mtu ambaye miaka inapita hajakanyaga Embu mjini anataka kunikagulia ununuzi! Lakini niliviweka, nikasimama na kumtazama.

Na hapo ndipo nilipoanza kuona kitu ambacho sikuwa nimekiona miaka yote tuliyokaa naye.

Alichukua ndoo ya kwanza. Hakuigonga. Alishika mpini, akausokota pale unapoingia kwenye sikio la ndoo, akatega sikio, akaiweka kulia. Ya pili, iliyokuwa pacha wa ile kwa macho yangu, akaisokota vilevile, akaiweka kushoto. Akanionyesha. Sikio la ile ya kushoto lilikuwa na mstari mweupe mwembamba kama unywele, mahali plastiki ilipokuwa imeanza kuachana kabla hata haijabeba tone la maji. Glavu alizinusa, akaziweka kulia. Futi ya kupimia aliivuta, akailaza kwenye mkono wake kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, akatikisa kichwa. Mkono wake anaujua urefu, alisema, alipimiwa na fundi wa kushona alipokuwa msichana. Nikacheka. Kisha nikaleta rula yangu ya darasani, nikalinganisha, na kumbe ile futi ilikuwa imedanganya karibu upana wa kidole kizima!

Zikabaki kamba. Ile ya buluu aliishika kwa muda mrefu, nami nikaanza kujivuna. Akaikata kipande kidogo mwishoni, akakata na cha ile nyeupe, akaniagiza beseni la maji. Akavitupa vyote viwili ndani. Cheupe kikazama taratibu. Cha buluu kikaelea. Mimi nikasema, kwa sauti yangu ya darasani, ukiona vyaelea vimeundwa. Mama mkwe akainamia beseni. Alikitoa kile cha buluu, akakifungua nyuzi zake kwa kucha, akaniwekea kiganjani.

"Tazama rangi ya ndani, mwalimu, kisha tazama ya nje."

Ndani ilikuwa buluu ya kweli, ya kukolea. Nje ilikuwa buluu iliyochoka. Nilichokuwa nimekiona pale mlangoni kama mng'ao kilikuwa ni kupauka. Kiganja changu kilikuwa na unga mweupe. Kamba yangu ya bei kali ilikuwa imening'inia kwenye jua la mlango wa duka sijui kwa miezi mingapi, imekuwa tangazo, na jua lilikuwa limeshaila kabla mimi sijafika. Tena inayoelea, alisema mama mkwe, ni ndugu wa gunia la mbolea. Akavichoma vipande vyote viwili kwa kijiti cha moto. Cha buluu kilinuka mshumaa. Cheupe kilitoa moshi wa harufu nyingine kabisa, kikaacha tone gumu ambalo halikupasuka alipoligonga kwa jiwe. Hiyo ni nailoni, akasema, na imekaa gizani kwenye boksi tangu izaliwe.

Hasira sikujua imeenda wapi. Bei hakuuliza, ya hii wala ya ile, hata mara moja. Jina la duka hakuuliza. Ilikuwa kama kwamba kitu chenyewe kilikuwa kinamweleza kilikotoka na yeye anaitikia. Nilimwuliza nani alimfundisha. Akasema mbuzi. Ukifunga mbuzi wako kwa kamba mbovu, unalipa mahindi ya jirani, na baada ya kulipa mara tatu hivi unajifunza kusoma.

Lakini mimi sikuwa mbuzi. Kipande kimoja cha ile nyeupe hakikutosha kufika chini ya kisima, wala cha pili. Vingetosha vikiungwa, na kila mtoto anajua kwamba kamba hukatika pabovu. Nilisema nitarudi Embu ninunue nyingine. Akasema nikitaka niende. Kisha akaketi na kuanza kuunga.

Hakufunga fundo. Alisema fundo huikunja kamba, na kamba iliyokunjwa hujikata yenyewe. Alizifungua ncha zote mbili, nyuzi tatu tatu, akazikutanisha, akaanza kupitisha uzi wa huku chini ya uzi wa kule kwa sindano ya magunia, akikaza kwa meno, akizungusha, akipitisha tena, mpaka urefu wa mkono mzima ukawa kitu kimoja kilichonenepa kidogo tu. Ilimchukua tangu baada ya chai hadi mbuzi waliporudi. Sikuondoka. Ninajua kusoma na kuandika kwa lugha tatu, na sikuweza kufuata vidole vile.

Siku iliyofuata alinishangaza zaidi. Aliitupa kamba juu ya bati, ikakaa juani wiki nzima. Akamfunga nayo punda, akamwacha avute atakavyo. Mwisho akatuambia tujaze mchanga kwenye magunia matatu, tuyafunge pamoja, tuyaning'inize kwa ile kamba kwenye mwarubaini wa uani, kile kiungo kikiwa katikati. Yakakaa hapo siku tatu. Kila akipita alikipapasa kile kiungo, akaendelea na shughuli zake. Magunia hayakushuka hata unene wa kidole. Kila mara nilipopita mimi, nilitazama yale magunia na kuona miguu yangu.

Siku ya siku ikafika. Fundi aliipokea kamba, akafumba macho, akaipitisha yote vidoleni kutoka ncha hadi ncha. Alipofika kwenye kiungo alisimama, akarudi, akasimama tena. Akauliza ni kazi ya nani. Mama mkwe akamwambia.

"Nimeiunga mimi," akasema. "Nitashuka mimi."

Mume wangu akatazama chini. Mama ni mama, humkatazi wala humruhusu. Mimi nilimtazama yule mzee na magoti yake, leso yake kiunoni, na moyo ukanipasuka. Nikasema kamba nimenunua mimi, na sheria ya fundi inasema aliyenunua. Sauti yangu haikuwa ya darasani tena. Nilikuwa naogopa, naogopa vibaya, na nilitaka kushuka.

Nilivaa suruali ya mume wangu. Fundi alinitengenezea kitanzi cha kukalia na kingine chini ya kwapa, akaniambia mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kwamba katika suruali hiyo ninafaa kuwa chifu msaidizi. Nikacheka kwa woga. Kamba ilipitishwa juu ya gogo lililolazwa mdomoni mwa kisima, mume wangu na fundi wakaishika, na mkia wake ukalala chini nyuma yao. Nikakaa ukingoni, nikaomba, nikaachilia.

Sijui niwaeleze vipi. Nilitarajia giza na hofu, na hofu ilikuwepo, lakini ilibidi ingoje. Ukuta ulikuwa umechongwa duara safi, sururu imeacha alama zake zimepangana moja baada ya nyingine, wima kabisa, na mtu huyu alikuwa amechimba akiwa amekunja mgongo bila mtu wa kumsifu. Udongo mwekundu ukapita mbele ya macho yangu, ukaja wa manjano, ukaja mweupe wenye chembe zinazong'aa. Kutoka ukutani ulichomoza mzizi mmoja mwembamba kama uzi wa kushonea, umeshuka kina chote hicho kutafuta alichokuwa anatafuta fundi. Hewa ikawa baridi. Baridi, Kiritiri, saa sita za mchana!

Nusu ya safari nikainua macho na kukiona kile kiungo kikivuka gogo na kunijia. Kuanzia hapo uhai wangu wote ulikuwa kwenye zile nyuzi alizozikaza kwa meno. Nilikitazama, na nawaambia ukweli, sikuomba tena. Nilikiamini kama ninavyoamini sakafu ya jikoni kwangu.

Miguu ikagusa changarawe. Nikainama, nikaweka kiganja chini. Palikuwa na unyevu. Si maji bado, unyevu tu, wa kubaki mkononi. Nikaupaka usoni na nikalia kwa sauti mle shimoni, na sauti ikanizunguka, mpaka wakaita kutoka juu kama nimeumia. Nikawajibu hapana, vuteni.

Nilipotoka kwenye mdomo wa kisima mwanga ulinipiga macho, nikajiburuta kifudifudi hadi penye usalama. Nilipoinua kichwa nikamwona mama mkwe. Alikuwa ameketi chini nyuma ya wanaume, miguu ameinyoosha mbele, visigino amevikita ardhini vimechimba vishimo viwili. Mkia wa kamba alikuwa ameuzungusha kiunoni mwake mara tatu na kuufunga. Wanaume hawakuwa wamejua, walikuwa wamempa mgongo muda wote. Kamba ingewaponyoka, ingemvuta yeye pamoja nami hadi chini.

Mume wangu aligeuka akaona, akabadilika rangi. Akamuuliza mamake, kwa ukali ambao sijawahi kuusikia kwake, kwani haiamini kamba aliyoiunga mwenyewe?

Mama mkwe alikuwa anaifungua kamba kiunoni taratibu, hakunyanyua macho.

"Kamba nimeipima," akasema. "Nyinyi wawili ndio sijawapima."